Diski ikifa Kakamega, pupa ndiyo huangamiza rekodi

KAUNTI ya Kakamega ilikuwa na wakazi 1,867,579 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, na kila uchao kumbukumbu za maisha yao zinazidi kuhamishwa kutoka faili za karatasi hadi kwenye tarakilishi.

Mgonjwa anayetibiwa, mfanyabiashara anayelipia leseni na mkulima anayefuatilia kesi ya shamba, wote wanategemea data iliyohifadhiwa ndani ya diski. Ofisi nyingi huzipanga diski hizo pamoja katika kasha moja lililounganishwa na seva.

Swali ambalo halijapewa uzito unaostahili ni hili: kasha hilo likipata hitilafu, nani ofisini anajua la kufanya?

Hitilafu yenyewe si jambo la ajabu. Kakamega ni miongoni mwa maeneo yanayopokea mvua nyingi zaidi nchini, na aghalabu mvua hiyo huja alasiri ikiandamana na radi. Umeme unaporuka kwa sababu ya radi, vifaa vya kuingiza umeme kwenye kasha huwa vya kwanza kuathirika.

Isitoshe, sehemu kubwa ya Kenya ilitumbukia gizani zaidi ya mara moja mwaka 2023, ikiwemo Agosti 25 na Desemba 10. Seva inayozimika ghafla ikiandika data inaweza kuacha rekodi nusunusu.

Hata hivyo, uzoefu wa mafundi unaonyesha kwamba hasara kubwa mara nyingi hutokana na hatua zinazochukuliwa kwa pupa baada ya hitilafu kutokea.

Tuseme diski 4 zimetoweka kwa pamoja kwenye orodha ya seva. Anayeona hivyo huenda akadhani zote zimekufa. Lakini ni nadra diski 4 kufa kwa dakika moja. Zinapotoweka pamoja, wa kushukiwa kwanza ni kile zinachotumia kwa pamoja: waya uliolegea, kifaa cha kuingiza umeme, kidhibiti cha kasha au ubao ambao diski huchomekwa.

Ikiwa ni diski moja tu iliyowasha taa ya hitilafu, hapo ndipo diski yenyewe hushukiwa. Katika mpangilio wa RAID 5, data husalimika diski moja ikifa. Katika RAID 6, mbili. Fundi akikosea na kuchomoa diski nzima badala ya ile mbovu kwenye RAID 5, data yote inaweza kutoweka.

Ndiyo maana utaratibu ni muhimu kuliko bisibisi. Kwanza, kumbukumbu za hitilafu zinakiliwe kabla ya kuzima chochote. Pili, nambari na nafasi ya kila diski iandikwe. Tatu, umeme, nyaya na feni zikaguliwe kabla ya kugusa diski. Nne, kitu kimoja tu kibadilishwe kwa wakati mmoja. Na kamwe mtu asikubali seva inapopendekeza kuunda upya mpangilio wa diski ikiwa hakuna nakala ya akiba.

Wala ofisi isitegemee kwamba diski itatoa onyo. Utafiti wa kampuni ya Google uliotolewa mwaka 2007, uliochunguza zaidi ya diski 100,000, uligundua kuwa zaidi ya thuluthi moja ya zile zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote katika vipimo vyake vya ndani.

Hapa suala linakuwa la bajeti na sheria. Diski ya akiba ikianza kuagizwa baada ya nyingine kufa, taratibu za ununuzi wa umma zinaweza kuchukua majuma kadhaa, na muda huo wote data inaning'inia kwenye uzi mmoja. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu awe na uwezo wa kuzirejesha kwa wakati baada ya mkosi wa kiufundi.

Uwezo huo hauthibitishwi kwa risiti ya ununuzi. Umeme ulipopotea Agosti 2023, jenereta katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ilikataa kuwaka, na abiria wakakaa gizani. Nakala ya akiba ambayo haijawahi kujaribiwa haina tofauti na jenereta hiyo.

Kwa hivyo, madiwani wanapopitisha makadirio kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1, hawana budi kuuliza maswali matatu: diski za akiba ziko wapi, nakala ya data imehifadhiwa katika jengo gani jingine, na ni lini mara ya mwisho ilipojaribiwa kurejeshwa?

Mwenye pupa, wahenga walinena, hadiriki kula tamu. Katika chumba cha seva, hupoteza hata cheti cha mwenziwe.