Mgeni wa Usiku na Siku Saba za Sheria



Wiki mbili zilizopita nilipokea barua ya mama mmoja wa Majengo, hapa Tunduma, iliyoandikwa katika karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Haikuwa ndefu. Baada ya salamu na dua, mama huyo aliuliza: mgeni asiyejua lugha yetu akibisha hodi baada ya Isha, na sura yake ikaonyesha kuwa hajala tangu jana, je, kumfungulia mlango ni thawabu au ni kesi?

Barua hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko barua zote nilizopokea mwaka huu, kwa sababu swali lake lilikwisha kunifika mlangoni mimi kabla halijamfika yeye, na nilishindwa kulijibu. Nitaeleza.

Kwa msomaji aliye mbali, Tunduma ndio mwisho wa barabara kuu itokayo Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 900. Hatua chache mbele ni Nakonde, nchini Zambia. Wanyamwanga wako pande zote mbili. Mstari uliochorwa na wakoloni ulipita katikati ya koo zao, na hadi leo mtu huvuka asubuhi kwenda kumzika shangazi yake akarudi kabla ya Magharibi. Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu wa Zambia walizindua kituo cha pamoja cha mpakani, na mwenye pasi na mzigo uliolipiwa ushuru anayo njia yake pale. Lakini kando ya kituo vipo vichochoro, na katika vichochoro hivyo hupita watu wasiokuwa na pasi wala mzigo. Wengi ni vijana wa kusini mwa Ethiopia, hasa Hadiya na Kambata, na wengine ni Wasomali. Wamevuka Kenya, wakaivuka nchi yetu kwa urefu wake, na wanakusudia Afrika Kusini. Wamo Waislamu na wamo Wakristo.

Yanayowasibu baadhi yao njiani tunayajua. Juni 2012, huko Chitego katika wilaya ya Kongwa, ilikutwa porini miili ya Waethiopia zaidi ya 40 waliokosa hewa ndani ya lori. Machi 2020, katika mkoa wa Tete nchini Msumbiji, lilifunguliwa kontena likakutwa na maiti 64. Desemba 2022, eneo la Ngwerere nje ya Lusaka, wanaume 27 walikutwa wametupwa kando ya barabara, na mmoja aliyekuwa angali anapumua akakimbizwa hospitali. Kila mmoja wa marehemu hao alikuwa na siku fulani, katika mji fulani, alipokaa kibarazani kwa watu akapewa maji.

Sasa nieleze langu. Miaka kadhaa iliyopita, katika baridi ya Juni, muadhini wetu alimkuta kijana amelala kwenye baraza ya msikiti alfajiri. Kwa kumtazama, umri wake haukuzidi miaka 16. Alivaa kandambili zisizofanana rangi, na Kiswahili chake kilikuwa maneno matano aliyoyaokota njiani: maji, chakula, asante, polisi, kesho. Nikamchukua nyumbani, mke wangu akampikia uji, na baada ya Adhuhuri wazee wanne tukakaa kulizungumza jambo lake.

Mmoja akasema, "Mwalimu, huyu ni mtoto wa watu. Mfiche mpaka apate nguvu."

Mwingine akamjibu, "Amfiche? Wakimkuta kwake, yeye ndiye atakayelala ndani. Mwonyesheni njia aende zake."

Nami nikatoa rai ya woga iliyovalishwa kanzu ya hekima. Nikasema apumzike kwanza, mengine tutayatazama.

Akapumzika siku tano. Katika siku hizo hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kwa mtendaji. Hakuna aliyemtafuta afisa ustawi wa jamii. Hakuna aliyefikiri kutembea hadi kwenye foreni ya malori na kuuliza kama yupo dereva anayejua Kioromo au Kisomali, apate kumuuliza kijana jambo moja tu: umekimbia nini? Tulimpa chakula na blanketi, tukaona tumemaliza. Usiku wa sita akaja mtu mwenye koti zuri, akasema kwa Kiswahili fasaha kwamba kijana ni ndugu yake na amekuja kumchukua. Kijana alimtazama, akatutazama sisi, akainua mfuko wake.

Mke wangu aliniuliza mlango ulipokwisha kufungwa, "Baba watoto, una hakika ni ndugu yake?"

Sikuwa na hakika. Hatujasikia habari zake tangu usiku ule.

Niliyokuwa siyajui wakati ule ndiyo haya. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku saba tangu kuingia nchini, na haimtaki afike Dodoma wala Dar es Salaam. Anaweza kwenda kwa ofisa aliye karibu mwenye mamlaka hayo, au kwa mtendaji wa kijiji, au kwa mlinzi wa amani. Yaani mlango wa kwanza wa Serikali kwa mtu aliyekimbia kuuawa ni ile ofisi ambayo sisi huiendea kwa migogoro ya viwanja. Baada ya hapo maombi yake hupelekwa mbele ya kamati ya taifa, ambayo humsikiliza, hupima maelezo yake, kisha humshauri Waziri wa Mambo ya Ndani kama anastahili hadhi ya ukimbizi au la. Nao Mkataba wa Geneva wa 1951, ambao nchi yetu iliuridhia, unakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali iwapo ametoka moja kwa moja mahali palipo na hatari na akajitokeza bila kuchelewa.

Upande wa pili upo pia, na ni kosa kuwaficha wasomaji. Sheria ya Uhamiaji inamtia hatiani mtu anayemhifadhi mgeni ilhali anajua kuwa yumo nchini kinyume cha sheria. Aliyekuja kutafuta kazi tu hawi mkimbizi kwa sababu ya umaskini wake, hata tukimhurumia vipi. Na yupo mgeni wa namna ya tatu, aliyechukuliwa kwa hila au kwa nguvu akauzwa kama bidhaa. Huyo ana Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008. Akiwa ni mtoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamlazimu kila mtu anayejua kuwa haki za mtoto zinavunjwa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa. Kijana wangu yule angeweza kuwa yeyote kati ya hao. Mimi nilimwona mtu mmoja tu, mwenye njaa.

Nani basi wa kuwatofautisha? Hapa ndipo penye uzito. Kamati ya taifa haiwezi kumshauri Waziri juu ya mtu ambaye habari zake hazijaifikia. Mkoani Kigoma, ilipo kambi ya Nyarugusu, wapo watumishi wa Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, wapo wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na wapo wakalimani. Mkoa wetu wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, hauna kambi. Mgeni wetu aghalabu hukutana kwanza na askari au afisa uhamiaji, ambaye kazi yake aliyoapishwa ni kuuliza pasi iko wapi. Simlaumu, anafanya alilotumwa. Nasema tu kwamba hakuna aliyetumwa kuuliza lile swali jingine.

Wala kazi hiyo si ngeni katika nchi hii. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 walipopewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, kila makazi yaliwekewa Mkuu wa Makazi. Wanaoyakumbuka makazi yale wanajua kwamba mtu huyo alikuwa zaidi ya mtawala. Ndiye aliyeulizwa shamba liko wapi, mtoto asome wapi, kibali cha kwenda Tabora kumwona mgonjwa kinapatikanaje. Alikuwepo mkali na alikuwepo mpole, lakini alikuwepo. Miaka mingi baadaye, watu wa makazi hayo walipotakiwa kuchagua kati ya kurudi kwao na kuwa raia, wapatao 162,000 wakakubaliwa uraia mwaka 2010, wakaambiwa pia kwamba wangehamishiwa mikoa mingine. Vyeti vikakaa. Miaka minne watu wale hawakujua wapande muhogo au wafunge mizigo, hadi Oktoba 2014 Rais Kikwete alipoanza kuwakabidhi vyeti vyao. Muhogo huchukua mwaka na zaidi ardhini. Mkulima asiyejua kama mwakani atakuwepo hapandi. Huo ndio mfano ninaoutaka msomaji aushike: uamuzi ulikuwa wa heri, lakini asiyepewa maelezo hawezi kuuishi.

Kule Handeni, Chogo, wapo Wazigua ambao babu zao walichukuliwa utumwani hadi Somalia katika karne ya 19. Vita vya 1991 vikawarudisha pwani yetu, nao wakiwa bado wanakizungumza Kizigua. Serikali iliwapa ardhi, na wengi wakapewa uraia. Hata hao, waliorudi kwa ndugu zao na wenye lugha ya mahali, walihitaji mtu wa kuwaeleza karatasi zinavyokwenda. Seuze kijana wa Hadiya mwenye maneno matano.

Tunaisoma madrasani habari ya Saad bin Rabii, Allah amridhie, aliyetaka kumgawia Abdurrahman bin Awf nusu ya mali yake walipofika Muhajirina Madina. Abdurrahman alimwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko. Walimu wetu huisimulia ili kumsifu Saad kwa ukarimu na Abdurrahman kwa kujitegemea, nao wana haki. Mimi siku hizi huwaza zaidi juu ya huo uonyeshwaji wa soko. Lazima alikuwepo mtu aliyemweleza njia, mizani ya mji na desturi zake.

Ninachokiomba ni kidogo. Awepo Tunduma afisa mmoja, chini ya Idara ya Huduma kwa Wakimbizi au ofisi ya mkuu wa mkoa kule Vwawa, ambaye kazi yake ni kumsikiliza mgeni kabla hajahukumiwa na kumshauri mkuu wa wilaya, polisi, uhamiaji na hata kaya zetu juu ya mtu huyo ni nani kisheria. Awe na orodha ya wakalimani. Katika mji wa malori hawakosekani. Nimeambiwa, nilipolisema hili mbele ya watu, kwamba afisa wa namna hiyo atawavuta wageni. Sidhani. Hakuna anayetoka Hosaena kwa ajili ya Tunduma. Jina la mji huu hulisikia wakiwa tayari ndani ya lori. Tena wengi wao afisa mkweli atawaambia hapana: wewe si mkimbizi, kazi unayoahidiwa huenda haipo, na lipo Shirika la Kimataifa la Uhamiaji ambalo limewahi kuwarudisha wenzako kwao kwa hiari na kwa heshima. Kwa sasa mshauri pekee anayepatikana Tunduma usiku na mchana ni dalali, na huyo hajawahi kumwambia mtu hapana.

Afisa huyo hajaja bado, na mama wa Majengo anahitaji jibu leo. Jibu langu, mama yangu, ni hili. Mfungulie, mpe maji na chakula, na umwite jirani awe shahidi usiku huohuo. Usimlaze kwa siri. Kukicha, nenda naye, wewe na jirani na imamu ikiwezekana, hadi kwa mtendaji, naye awaongoze kwa mwenye mamlaka. Siku saba zinahesabiwa tangu alipoingia nchini, na huenda sita alikwisha kuzimaliza kabla hajafika kwako. Ukimwona ni mtoto, litamke neno hilo, mtoto, waziwazi mbele ya mtendaji, na umwombe afisa ustawi wa jamii aitwe. Usimkabidhi kwa yeyote anayedai kuwa ndugu yake. Ndugu wa kweli hatachukia kuitwa ofisini. Na kijana wako mwenye bodaboda asimvushe mpaka, hata kwa sadaka, hata bila kupokea senti, kwa kuwa hilo ni kosa na ndiyo njia iendayo kwenye makontena.

Inawezekana atawekwa mahabusu. Sitakudanganya kwamba haiwezekani. Lakini ataandikwa jina lake katika daftari, na mtu aliyeandikwa jina anaweza kuulizwa alipo. Mpelekee chakula, uulize habari zake Jumatatu, uulize tena Alhamisi.

Yule kijana wangu sikumbuki hata kama nilimuuliza jina lake sawasawa. Mke wangu anasema lilianza na herufi T.

Wiki ijayo, in shaa Allah, tutarejea kwenye mirathi ya mtoto aliye tumboni, mada tuliyoiahirisha kwa ajili ya barua hii.