Uvimbe wa Mwili Utanguliwe na Kipimo cha Mkojo

Mtu anapoamka na kope zilizovimba, na jioni viatu vikambana, mara nyingi jamaa zake humshauri anunue vidonge vya kukojosha katika duka la dawa. Uvimbe ukipungua, wote huamini kwamba ugonjwa umekwisha. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini huficha dalili na kuuacha ugonjwa ukiendelea.

Kuta za kapilari, yaani mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko yote, hupitisha maji na chumvi, lakini huzuia sehemu kubwa ya protini. Mwaka 1896, mwanafiziolojia Mwingereza Ernest Starling alieleza kwamba msukumo wa damu huyatoa maji nje ya mishipa, ilhali protini huyavuta yabaki ndani. Protini iliyo kuu katika kazi hiyo ni albumini. Chujio za figo zinapoharibika, albumini huvuja na kutoka kwa mkojo. Mtu mzima mwenye ugonjwa wa nefrotiki hupoteza zaidi ya gramu 3.5 za protini kwa siku. Zaidi ya hayo, figo zenyewe hushikilia chumvi, na chumvi hushikilia maji.

Kidonge cha kukojosha huondoa chumvi na maji; hakizibi chujio. Kikitumiwa kiholela, chaweza kupunguza mno maji ya damu na kuziumiza figo zilizokwisha kudhoofika.

Kwa hiyo, kila aliyevimba bila sababu ya wazi hana budi kupimwa mkojo kwanza. Mtoto asidhaniwe papo hapo kuwa ana utapiamlo: watoto wengi wenye ugonjwa wa nefrotiki hupata nafuu kwa dawa za steroidi chini ya uangalizi wa daktari. Wala mjamzito asiambiwe tu kwamba kuvimba miguu ni kawaida ya mimba. Baada ya wiki ya 20, protini katika mkojo pamoja na shinikizo la juu la damu ni hatari kwake na kwa mtoto aliye tumboni.

Yupo atakayesema kwamba zahanati za vijijini hazina maabara. Kijiti cha kupimia mkojo hakihitaji maabara wala umeme, na hutoa jibu kwa dakika chache. Zahanati yenye vidonge vya kukojosha lakini isiyo na vijiti hivyo imetanguliza la mwisho na kusahau la kwanza.