Mbwa Mzee Asiye na Mwenyewe

Mbwa ni mtumishi wa mtu tangu zamani sana. Usiku hulinda nyumba, mchana huenda porini pamoja na bwana wake. Katika msitu wa Ituri wako mbwa wa kuwinda ambao hawabweki kama mbwa wengine. Kwa hiyo mwindaji humfunga mbwa wake njuga ya mti shingoni. Mbwa akikimbia, njuga inalia. Nyama wa mwitu wanashtuka na kukimbilia wavu, naye mwindaji anajua mbwa wake yuko wapi. Jioni watu wanakula, na mbwa anapata fungu lake.

Lakini mbwa haishi miaka mingi kama mtu. Akifika miaka 10, yeye ni mzee. Nywele za mdomo zimekuwa nyeupe. Macho yana ukungu, masikio hayasikii vizuri, meno yameisha, miguu ya nyuma inatetemeka. Ndipo njuga yake hufungwa shingoni mwa mbwa mwingine.

Mbwa mmoja ana bahati: bwana wake anamwachia mahali karibu na moto mpaka afe. Mwingine hana bahati hiyo. Bwana wake amekufa, au amehama. Tangu vita vya mwaka 1999, watu wengi wa Ituri wamekimbia vijiji vyao, tena mara nyingi. Mtu anayekimbia hubeba mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Mbwa mzee hawezi kufuata mbio, anabaki nyuma. Baadaye anaonekana sokoni au karibu na jiko la misioni, mbavu zimetoka nje, akitafuta maganda. Watoto wanamtupia mawe.

Je, inafaa mtu kumpokea mbwa kama huyo nyumbani, naye amebakiza miezi michache tu? Inafaa. Tena inafaa kuliko watu wengi wanavyofikiri.

Wako wanaosema: «Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mbwa huyu atalima nini? Hawindi, halindi, hata mwizi akipita hamsikii. Anakula bure.» Maneno hayo ni kweli nusu. Mbwa huyo hana kazi. Lakini jembe hupewa mgeni mwenye nguvu. Mtu mwenye akili hampi jembe mgeni mgonjwa, wala mzee asiyeweza kusimama.

Wengine wanasema neno zito zaidi: «Watoto wana njaa, nanyi mnalisha mbwa?» Hao wasikilizwe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992 wakati wa Papa Yohane Paulo wa Pili, inafundisha mambo mawili pamoja. Kwanza, wanyama ni viumbe vya Mungu, na watu wanapaswa kuwatendea wema. Kuwatesa au kuwaua bila lazima hakumfai mtu. Pili, haifai kuwatumia wanyama fedha ambazo zingetakiwa kwanza kusaidia watu wenye taabu. Basi mtoto ale kwanza, na mgonjwa, na mgeni. Mbwa apewe kinachobaki. Katika nyumba nyingi kitu kidogo hubaki: ukoko wa sufuria, mchuzi wa samaki, kipande cha ugali wa mihogo. Mbwa mzee hali sana. Vitu anavyohitaji zaidi havinunuliwi: gunia kavu mahali pasipo na mvua, maji safi ndani ya kigae, na mkono usioshika jiwe.

Hapa yafaa kutenganisha haki na huruma. Mtu anayemtunza mbwa wake mwenyewe katika uzee analipa deni. Mbwa alimpa nguvu zake. Yeye anampa chakula. Hiyo ni haki, na asiyeitenda anadhulumu. Lakini mtu anayempokea mbwa aliyeachwa na mwingine hana deni lolote. Mbwa huyo hakumlindia nyumba hata usiku mmoja, wala hakumsaidia kupata nyama hata mara moja. Tena hatamlipa kamwe, maana siku zake zinaisha. Hiyo ni huruma. Wahenga walisema: «Tenda wema, wende zako.» Anayempokea mbwa mzee anaifuata methali hiyo, kwa sababu hana faida ya kungojea.

Wakristo husimulia habari za Mtakatifu Roki. Alipougua tauni, alijitenga na watu akakaa msituni peke yake. Mbwa mmoja akamletea mkate. Mbwa huyo hakuwa wake. Alikuwa wa tajiri wa karibu. Basi, kama mbwa alimlisha mtu asiye bwana wake, mtu hashindwi kumlisha mbwa asiye wake.

Nyumba inayopima kila kiumbe kwa faida yake itaanza na mbwa, lakini haitaishia kwa mbwa. Mtoto anayeona mbwa mzee akifukuzwa kwa fimbo anajifunza neno moja: asiye na nguvu atoke. Siku moja baba na mama yake watakuwa wazee. Watakaa karibu na moto, hawatalima tena, hawatasikia vizuri, nao watahitaji chakula laini. Neno lile alilojifunza kwa mbwa litakuwa bado moyoni mwake.

Lakini huruma iende pamoja na akili. Mtoto asimguse mbwa asiyemjua; amwambie kwanza baba au mama. Mbwa anayetoka mate mengi, anayeyumba na kuuma bila sababu, labda ana kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukionekana katika mwili wa mtu, karibu kila mara humuua. Mtu aking'atwa, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende dispensari siku ile ile apate chanjo. Mbwa naye achanjwe na mganga wa wanyama.

Kazi inayobaki ni nyepesi. Chakula kiwe laini, kidogo kidogo, mara mbili au tatu kwa siku. Asipewe mifupa ya kuku iliyopikwa, maana huvunjika vipande vikali na kumchoma tumboni. Asipewe vitunguu, ni sumu kwake. Atolewe kupe na funza. Akilala asishtushwe, kwa sababu mbwa kiziwi akiguswa ghafula anaweza kuuma kwa hofu. Ni afadhali kukanyaga chini karibu naye, ili asikie mtikisiko na kuamka mwenyewe.

Miezi michache itapita, na asubuhi moja hataamka. Achimbiwe shimo refu, mbali na chemchemi. Watu wa nyumba ile hawatakuwa wamepata nyama wala mlinzi. Lakini mbwa aliyefukuzwa kila mahali amekufa bila njaa na bila hofu, na watoto wao wameona kwa macho jinsi mzee anavyotunzwa mpaka mwisho.