Mashini ya Kusoma kwa Sauti: Tuchague Gani?

Kuko watu wanafikiri programu ya kusoma kwa sauti ni mchezo. Kwa mwanafunzi asiyeona, ndiyo daftari na kitabu. Bila hiyo anangoja mwenzake apate nafasi ya kumusomea. Mwenzake akichoka, somo limepita.

Sisi tunasema: tusitafute kwanza sauti tamu. Huku Masisi na Walikale rezo inapotea. Programu inayoomba intaneti kila saa itanyamaza siku ya mtihani. NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, naye asiyeona, ni ya bure. Inaingia kwenye flashi na kufanya kazi bila intaneti kwa ordinateri za Windows. Ndani yake kuko eSpeak NG, inayosoma Kifaransa na Kiswahili. Sauti yake ni kavu kama bati, ni kweli, lakini sikio linazoea.

Kwa telefoni za Android kuko TalkBack, nayo ya bure.

Mbele ya kuamua, tumwite yule atakayeitumia, asikilize ukurasa mmoja wa jiografia, majina ya vijiji vyetu ndani. Masikio ni yake, achague yeye.