Ngozi si Ushahidi wa Dhambi



Tumezoea kusema juu ya mashamba yanayoporwa na wajane wanaonyimwa urithi. Leo twasema juu ya dhuluma itendwayo kwa ulimi, nayo humwangukia mgonjwa wa saratani ya damu, hapa Rungwe kama kwingineko nchini.

Ipo saratani ya damu iitwayo lukemia sugu ya mieloidi. Zamani wengi walioipata hawakuishi miaka mingi. Mwaka 2001 ilianza kutumika dawa ya vidonge, imatinibu, ambayo huizuia protini inayozifanya chembe za saratani ziongezeke. Mgonjwa aimezaye kila siku aweza kuishi miaka mingi, akihudumia chai na migomba yake. Lakini dawa hiyo huzigusa pia chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Hivyo mtu mweusi aweza kupauka usoni au mwili mzima. Wengine huvimba kope au kutokwa vipele vya kuwasha. Dawa nyingine, haidroksiyurea, hutenda kinyume: huweza kuzitia ngozi na kucha weusi, na mara nyingine kuleta vidonda miguuni.

Hapo ndipo wasengenyaji huanza kazi. Mama aliyepauka huambiwa anajipaka mkorogo. Mwenye vipele huambiwa ana UKIMWI. Mwenye vidonda huambiwa amerogwa, na jirani mzee akatwikwa uchawi. Huu si mzaha. Mgonjwa aliyetiwa aibu huviacha vidonge, na akiviacha bila shauri la daktari, saratani huweza kurudi na kumwua. Nani basi amemwua?

Kwa miaka mingi wagonjwa waliokubaliwa nchini wamepewa imatinibu bila malipo, kwa mpango wa msaada wa kampuni iitengenezayo. Mgonjwa wa Tukuyu anayekifuata kidonge hicho Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, husafiri zaidi ya kilomita 800. Akirudi nacho, sisi twamnyang'anya kwa masengenyo!

Wala hatuwasazi watumishi wa afya. Kumkabidhi mtu dawa bila kumweleza itakavyoweza kuibadili ngozi yake ni kumdhulumu. Kujua ni haki yake, si fadhila.

Rafiki zake Ayubu waliyaona majipu yake, wakamtafutia dhambi. Mwishowe Mungu aliwahukumu wao kuwa ndio waliokosa.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ikomeshe masengenyo juu ya ngozi ya mgonjwa, viongozi wakiwa wa kwanza.

2. Mgonjwa asiache dawa kwa neno la jirani. Amwone daktari, ambaye aweza kupunguza kipimo au kubadili dawa. Akitokwa malengelenge, akichubuka ngozi au akipata vidonda mdomoni, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

3. Parokia ichangie nauli ya mgonjwa kama ichangiavyo arusi na mazishi.

Tusingoje kumlilia kaburini mtu tuliyemcheka barazani.