Kamera za Nyuso: Zishikwe na Nani?

Kutoka Homa Bay hadi Migori watu bado wanalo swali la Juni 2025. Mwalimu Albert Ojwang alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kwa maneno yaliyodaiwa kuwa yake mtandaoni, akapelekwa Nairobi, na kesho yake akawa maiti mikononi mwa polisi. IPOA iliwaambia maseneta kwamba kamera za kituo alimozuiliwa zilichezewa. Basi wanaopinga mitambo ya kutambua nyuso barabarani hawapigi kelele za bure. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yataja alama za vidole, retina ya jicho, hata (ajabu!) ndewe ya sikio, uso haukutajwa kwa jina. Yafaa Bunge liuandike, pamoja na adhabu ya afisa afutaye picha.