Raia Akaribishwe kwa Kiswahili

Majuzi nilirejea nchini kutoka ng'ambo. Katika foleni ya kukaguliwa pasipoti, mbele yangu alisimama bibi mmoja aliyejitanda leso, ametoka Maka kufanya Umra. Afisa wa uhamiaji alipokea pasipoti yake, akamuuliza kwa Kiingereza alikotoka. Bibi akanyamaza. Afisa akarudia swali lile lile kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba ila ilikuwa masikioni. Nilipomfasiria, bibi alijibu bila kusita: "Natoka Maka, mwanangu. Narudi kwangu." Muhuri ukagongwa. Punde si punde afisa yuyo huyo alimgeukia mwenzake na kumuuliza, kwa Kiswahili fasaha, watakula nini chamcha.

Je, Kiswahili kinachofaa kuulizia chakula kimekosa nini hata kisifae kumkaribishia raia kwao?

Sheria haina utata. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinatamka kuwa Kiswahili ndicho lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Kifungu cha 39 kinampa kila raia haki ya kuingia nchini. Isitoshe, Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 yamtaka mgeni anayeomba uraia awe anaelewa na kuzungumza Kiswahili au lugha ya wenyeji. Ajabu iliyoje! Mgeni atakiwa akijue Kiswahili ili awe Mkenya, ilhali Mkenya mzawa atahiniwa kwa Kiingereza mlangoni pa nyumba yake.

Yamkini watatokea watakaosema kuwa viwanja vya ndege ni vya mataifa yote. Naam, na mgeni asiyejua Kiswahili asemeshwe Kiingereza. Lakini afisa huishika pasipoti kabla hajafungua kinywa. Ngao ya taifa i juu ya jalada, na chini yake neno "Harambee". Pasipoti yenyewe imekwisha kumwarifu ni lugha gani aanze nayo.

Tatizo si kutojua lugha. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa 1985, Kiswahili kilikuwa somo la lazima la kutahiniwa. Tatizo ni mazoea ya kudhani kuwa mamlaka huvaa Kiingereza kama yavaavyo sare. Hapa ndipo walimu tunapohusika. Tunafundisha sajili ya mahakamani na ya hospitalini, lakini aghalabu mwanafunzi huikariri kwa ajili ya mtihani tu. Hebu tumpe kazi ya kutunga mazungumzo ya afisa wa uhamiaji na msafiri: "Karibu nyumbani. Umetoka wapi? Tafadhali weka vidole hapa." Huenda kesho akakalia kiti hicho.

Wahenga walinena kuwa mkataa kwao ni mtumwa. Bibi yule hakukataa kwao. Alisema waziwazi kuwa anarudi kwake. Ni sisi tuliomsimamisha mlangoni kama mgeni.